Mume anataka kuuza kihamba aninunulie vidonge, na vingine nimevificha kwenye kopo

Dada Nesi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 44, nauza mitumba ya watoto pale Memorial, Moshi. Titi langu la kushoto lilianza na uvimbe kama punje ya hindi, nikapuuza mpaka ukafika kama limau. Nimekatwa titi miezi 11 iliyopita. Nikapigwa dripu, zikaisha, nikapigwa mionzi, ikaisha. Walisema hata tezi za kwapani zilikuwa na ugonjwa, ila ngapi sikumbuki. Siku ile sikuwa nasikia vizuri.

Baada ya hapo nikapewa tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku. Daktari alisema ni miaka 5, na huenda ikafika 10. Nilivimeza wiki saba tu. Dada, lile joto! Nimekaa kwenye meza yangu sokoni, linaanzia kifuani, linapanda shingoni mpaka masikioni, jasho linatiririka, mteja ananitazama kama mwizi. Usiku navua kanga, navaa kanga. Hedhi ilikuwa imekatika wakati wa dripu, sasa imerudi kwa fujo zake. Kisha wifi yangu akaniambia vidonge hivyo vinaleta kansa ya kizazi. Nikaacha.

Tatizo ni baba watoto. Kila jioni lazima aulize, "Umemeza?" Halafu anaangalia pakiti. Kwa hiyo kila jioni nakata kidonge kimoja kwa mkasi, na karatasi yake, nakiingiza kwenye kopo la majani ya chai lililo juu ya kabati. Leo asubuhi nimevihesabu, viko 43.

Sasa kijana wetu wa kwanza, yuko Marekani, amepiga simu. Anasema kuna dawa mpya inaitwa abemasiklibu, unaimeza miaka miwili na kansa hairudi ovyo. Baba yake tangu siku hiyo halali. Amepata bwana mmoja anayeleta dawa kutoka Nairobi kupitia Namanga. Ujumbe wake ninao kwenye simu: "palbosiklibu mg 125, boksi la vidonge 21, malipo kwanza." Ili tupate hiyo hela mume wangu anataka kuuza kipande cha chini cha kihamba kule Kibosho, chenye kahawa. Shemeji amekuja juu, anasema kaburi la baba yao liko humo na ardhi ya ukoo haiuzwi kwa vidonge. Mama mkwe ananisalimia kwa kuangalia ukutani.

Naomba uniambie: dawa hiyo ni ya kweli? Nikiipata, naweza kuachana na tamoksifeni moja kwa moja? Na je, tuuze?

Mama wa Memorial, Moshi

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa yote, na pole zaidi kwa huo ukuta unaosalimiwa badala yako.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza akili yangu ilikwenda kwenye kihamba. Mara ya pili ndipo nikaona kitu ambacho ninyi nyumbani hamjakiona: kijana wako na yule bwana wa Namanga hawazungumzii dawa moja. Mtoto kasema abemasiklibu. Bwana anauza palbosiklibu. Majina yanafanana kwa sababu ni dawa za ukoo mmoja, kama vile watoto wa baba mmoja wanavyofanana pua. Ndugu wa tatu anaitwa ribosiklibu.

Tofauti yao kwako ni kubwa. Palbosiklibu ni dawa halali, inawasaidia wagonjwa ambao saratani yao imeshasambaa kwenye mifupa au kwenye ini. Lakini kwa mtu kama wewe, ambaye ameshakatwa na anachotaka ni ugonjwa usirudi, ilijaribiwa katika utafiti mkubwa unaoitwa PALLAS, ikaonekana haiongezi chochote juu ya vidonge vya homoni. Haikuongeza kidogo wala sana. Kwa hiyo hata kama boksi la yule bwana lina dawa ya kweli ndani, na sijui nani atalifungua alithibitishe pale Namanga, mngekuwa mmeuza kahawa ya baba mkwe kwa kitu kisichofanya kazi mliyokinunulia. Mwambie mumeo amrudishie bwana huyo jibu moja fupi: hapana. Dawa ya saratani hununuliwa kwa cheti cha daktari, kwenye duka la dawa lililosajiliwa, na iwe imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania.

Abemasiklibu ndiyo yenye habari. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu kwa kazi hii Oktoba 2021, baada ya utafiti uitwao monarchE uliokuwa na wagonjwa 5,637. Wote walikuwa na saratani ya titi inayotegemea homoni, isiyo na HER2 (protini inayoisukuma seli ikue), na yenye hatari kubwa ya kurudi. Nusu walimeza vidonge vya homoni peke yake. Nusu walimeza vidonge vya homoni na abemasiklibu, mara mbili kwa siku, kwa miaka 2. Walipofika mwaka wa 5, katika kila watu 100 wa kundi la kwanza, 76 walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa. Katika kundi la pili walikuwa karibu 84. Mwaka 2025 wakatangaza kwamba na vifo vilipungua, ingawa tofauti hapo ni ndogo kuliko ile ya kurudi kwa ugonjwa.

Zisome tena hizo namba polepole, maana mumeo akizisikia kwenye simu ya mtoto anasikia "dawa inayoponya". Watu 8 kati ya 100 ndio waliookolewa na ile dawa ya ziada. Wanane si wachache, ukiwa wewe mmoja wao ni dunia nzima. Lakini wale 76 walikuwa salama kwa vidonge vya homoni tu, vile vile ambavyo wewe umeviweka kwenye kopo la majani.

Na hapa nikujibu swali lako la pili. Wewe ni wa Kibosho, mfongo unaujua. Maji yanatoka mtoni, yanaingia kwenye mfereji, yanateremka mpaka mlango wa shamba lako. Saratani ya aina hii inakunywa homoni, hasa estrojeni, na tamoksifeni inaziba mfereji kule juu yanakoingilia maji. Shida ni kwamba kuna seli chache sugu zinazojitafutia maji kwa upenyo mwingine. Abemasiklibu inafunga mlango wa chini, yaani protini mbili ndani ya seli, CDK4 na CDK6, zinazoiruhusu seli igawanyike. Milango miwili, mfereji mmoja. Ukifungua kule juu ukategemea ule mlango wa chini peke yake, utakuwa unafanya jambo ambalo katika utafiti huo hakuna hata mtu mmoja aliyelifanya. Wote, makundi yote mawili, walimeza vidonge vya homoni. Kwa hiyo hapana, huwezi kuipata hiyo ukaachana na hivi. Na baada ya miaka miwili ya abemasiklibu kuisha, vidonge vya homoni vinaendelea.

Tamoksifeni ya miaka 5, kwa saratani yenye vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni, inapunguza hatari ya kurudi kwa karibu nusu katika ile miaka 5 ya mwanzo, na inapunguza vifo kwa takriban theluthi moja katika miaka 15. Hiyo imepimwa kwa maelfu ya wanawake, kwa miaka mingi kuliko dawa yoyote ya hawa ndugu watatu. Ni kidonge cha zamani, hakina mtoto wa kukipigia debe kutoka Marekani, na nadhani ndiyo sababu tunakidharau. Nimefanya kazi wodini miaka mingi hapa Arusha, na nikuambie ukweli: wanawake niliowaona wakiacha vidonge hivi kimya kimya ni wengi kuliko waliokosa dawa mpya.

Sasa hayo yaliyokufanya uache. Wifi hajakudanganya, kasikia nusu. Tamoksifeni inaongeza kidogo hatari ya saratani ya mji wa mimba, na hatari hiyo inawahusu hasa wanawake waliokwishakoma hedhi. Wewe bado unapata. Ukitokwa damu katikati ya mwezi, au damu isiyo ya kawaida yako, nenda kapimwe, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Na kwa kuwa unakaa kwenye kigoda kutwa, jua kwamba tamoksifeni inaweza kugandisha damu mguuni. Inuka, zunguka meza yako. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au pumzi ikikubana ghafla, hiyo ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Joto ni kweli, na linatesa. Wengine huona nafuu wakimeza usiku, wengine asubuhi, jaribu. Kata pilipili, kata chai ya moto sana, na mbege ipumzishe. Weka kanga moja yenye maji karibu na kitanda. Likizidi, mwambie daktari, zipo dawa za kulipunguza. Ila usiazime vidonge vya msongo vya jirani. Fluoksetini na paroksetini zinaidhoofisha tamoksifeni, unameza bure. Vivyo hivyo ukianzishiwa rifampisini ya kifua kikuu, mwambie daktari wa saratani kabla hujaimeza.

Hukuniambia unazuia mimba kwa njia gani. Kama ni sindano, vidonge au vijiti, achana navyo, vina homoni. Omba kitanzi cha shaba au tumieni kondomu. Na mimba usishike ukiwa kwenye dawa hizi, zinamdhuru mtoto. Hedhi iliyorudi ina maana hiyo pia.

Vile 43 usivimeze kwa mkupuo eti kufidia. Kimoja, leo usiku. Kama karatasi yake haijatoboka na tarehe haijapita, vitatumika tu, maana kukata kwa mkasi kumekusaidia bila wewe kukusudia. Na kliniki uwaambie wazi kuwa uliacha wiki sita. Hawatakupiga.

Kabla ya habari ya kuuza, kuna karatasi. Ile siku uliyokuwa husikii vizuri, mtu aliandika kila kitu. Inaitwa majibu ya kinyama, yaani kipimo cha maabara cha nyama waliyokukata. Kuna mama mmoja alikuja kwangu kutoka Sanya Juu na majibu yake kwenye mfuko wa sukari, amekunja mara nne apate kuyaficha kwenye sidiria. Mkunjo umepita katikati kabisa ya mstari wa tezi, wino umefutika. Tukabaki tunasogeza karatasi dirishani, hii ni 1 au ni 4? Ilibidi arudi maabara kuomba nakala, na jibu lilikuwa 4. Kwa habari ya abemasiklibu, kati ya 1 na 4 kuna mlango mzima.

Kwenye karatasi yako tafuta hivi. Vipokezi vya estrojeni na projesteroni: vitakuwa chanya, ndiyo maana ulipewa tamoksifeni. HER2: ikiwa chanya, habari yote ya hawa ndugu watatu inafungwa, unazungumzia dawa nyingine kabisa, trastuzumabu, ya sindano, ya mwaka mmoja. Ikiwa hasi, tunaendelea. Tezi zenye ugonjwa: zikiwa 4 au zaidi, uko kwenye kundi lile la utafiti. Zikiwa 1 hadi 3, uko ndani endapo uvimbe ulifika sentimita 5 au seli zake ni za daraja la 3, lile kali zaidi. Limau lako linanitia wasiwasi kidogo, lakini limau si rula. Soma kilichopimwa.

Kuna na suala la muda. Walioingia kwenye utafiti walikuwa ndani ya miezi 16 tangu upasuaji. Wewe uko mwezi wa 11. Muda upo wa kuuliza vizuri, haupo wa kulala.

Na hapa nina ugomvi na familia yako yote, pamoja na yule wa Marekani. Mmeruka ngazi. Wewe hujakoma hedhi, ovari zako zinatengeneza estrojeni kama kawaida. Kwa wanawake wa hali yako wenye hatari kubwa, tafiti mbili, SOFT na TEXT, zilionyesha kuwa kuzizima ovari na kumpa mgonjwa kidonge cha kundi la kina letrozoli na anastrozoli kunazuia ugonjwa kurudi zaidi ya tamoksifeni peke yake. Kuzima ni kwa sindano ya chini ya ngozi ya tumbo kila siku 28, goserelini, au kwa kuzitoa ovari kwa upasuaji, mara moja, ikaisha. Nenda kliniki ya saratani pale hospitali ya KCMC ukaulize: je, ovari zangu zizimwe? Swali hilo haligusi kahawa ya mtu. Nakuonya tu kwamba joto litaongezeka, na mifupa itahitaji kuangaliwa.

Ikiwa karatasi inakuweka kwenye kundi na daktari mwenyewe ameiandika abemasiklibu, ndipo mkae kikao cha ukoo. Nendeni na bei ya miezi yote 24, iliyoandikwa, maana kihamba kinauzwa mara moja na mwezi wa saba dawa itataka hela tena. Marekani bei yake kwa mwezi inapita dola 10,000, usidhani mtoto ataitoa mfukoni. Ulizeni bima kwanza, kwa barua, si kwa simu. Ongezeni vipimo: damu na ini kila wiki mbili kwa miezi miwili ya mwanzo, kisha kila mwezi kwa miwili mingine. Na kuharisha. Karibu watu 8 kati ya 10 waliomeza dawa hiyo waliharisha, hasa wiki za mwanzo. Inadhibitika kwa loperamidi na maji mengi, na daktari anaweza kupunguza dozi, lakini wewe unakaa sokoni, choo ni cha kulipia na cha foleni. Ni nani atakaa kwenye meza yako miezi hiyo? Hilo nalo ni gharama, liandikwe. Kumbuka pia kwamba damu kuganda kulitokea zaidi kwa waliochanganya dawa hiyo na tamoksifeni.

Ribosiklibu iliruhusiwa Marekani Septemba 2024 kwa kazi kama hii, ni ya miaka 3, haichanganywi na tamoksifeni na inataka moyo upimwe umeme wake. Nimeitaja ili kijana akipiga simu tena na jina jipya usishtuke.

Mimi kuuza ardhi kwa ajili ya uhai wa mtu siioni dhambi, na shemeji akitaka aje Arusha tubishane. Kuiuza leo, bila karatasi, kwa dawa isiyo yenyewe, huku yenyewe ya msingi iko kabatini, hapo nipo upande wake.

Limebaki la baba watoto. Mwanaume anayeangalia pakiti kila jioni anaogopa, hakuchungi. Usimwambie mbele ya mama yake wala kwenye simu. Watoto wakilala, shusha kopo, limwage mezani, useme: "Baba, nilishindwa na joto nikaogopa kukuambia." Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize, kisha umeze hicho cha leo akiwa amekaa hapo, na siku ya kliniki mwombe mwende wote. Mambo ya tezi na HER2 yanahitaji masikio mawili zaidi, yako yaliziba mara moja tayari.

Kwa shemeji na mama mkwe mumeo atangulie, awaambie uuzaji umesimama mpaka daktari aandike. Wewe usibebe hilo.

Ukiyapata majibu ya kinyama niandikie mstari wa HER2 na wa tezi, na tarehe ya kliniki. Bahasha usiikunje.